Tawi Lililobaki Goma

Kisangani, Mangobo, tarehe 12 Februari 2025

Papa mupendwa,

Nakusalimia wewe na Mama Annette, na ukuta wote wa nyumba yetu kama bado umesimama. Mimi niko muzima, kikohozi cha Desemba kiliisha, kazi iko. Ninyi je? Tangu ile Jumatatu muji wa Goma uliposhikwa, simu yako ililia mara moja tu. Nikasikia sauti ya Mama akisema "Tuko," ikakatika. Hilo neno moja nimetembea nalo siku kumi na sita.

Barua hii anaibeba Mama Kadidja, mwenye kuuza vitenge. Ni mutu wa hapa Kisangani, wa zile familia za Waislamu wa zamani. Siku hizi anazunguka kupitia Uganda ndipo anafika kwenu. Amesema atangoja jibu lako siku mbili, si tatu.

Papa, niambie moja kwa moja: mudogo wangu Isaïe iko wapi? Neno lake la mwisho lilinifikia Jumapili, muji ukiwa haujashikwa. Aliandika, "Yaya, nimetuma, angalia." Nikaangalia. Kile alichotuma hakikufika chote. Lakini habari ya kazi tutaiongea baadaye. Kwanza niambie iko wapi.

Binti yako,
Kyakimwa


Goma, 27 Februari 2025

Kyakimwa binti yangu,

Pokea salamu zetu. Mama yako alisema kweli: tuko. Goti langu linauma wakati wa mvua kama kawaida, bati la jikoni lilitobolewa na risasi matundu mawili, na tumeweka sufuria chini yake. Zaidi ya hayo, tunamushukuru Mungu.

Isaïe hayuko hapa. Siku ya tatu wenye bunduki walianza kupita mutaa kwa mutaa wakiita vijana kwenye mukutano, na wa kwanza walioenda hawakurudi. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Enda." Akasema, "Papa, kazi yangu haijaisha." Nikamwambia, "Kazi itangoja. Enda." Alitoka saa moja asubuhi na begi ya shule mugongoni, kama mutu anayeenda kununua mukate, akashika njia ya Sake. Tangu hapo hatuna habari. Kama unataka kunilaumu, sitajitetea.

Kompyuta yake aliiacha. Iko juu ya plafond, chini ya bati, nimeifunga na plastiki. Walikuja kupekua nyumba mara mbili, wakachukua redio na betri ya gari.

Usiongee habari zake kwa simu. Kwenye barrière za barabarani wanasoma simu za watu. Simu iwe ya kusema "tuko" peke yake, mengine tuyaweke kwenye karatasi.

Bon, na mimi nikuulize. Ni nini hicho ambacho hakikufika? Miaka sita ninyi wawili munafanya hiyo kazi na sikuwahi kuuliza ni kazi gani. Nilikuwa na hasira kwa sababu wote wawili mulikataa duka. Leo duka limefungwa, niko na nafasi ya kutosha. Nieleze polepole, kama unavyoeleza mutu aliyeuza chumvi na sabuni kwa jumla maisha yake yote.

Papa yako,
Timothée


Kisangani, 15 Machi 2025

Papa mupendwa,

Nimesoma barua yako nikiwa bado nimesimama uani, kwenye parselle ya Mama Kadidja, sikungoja hata kukaa. Natumaini goti limepoa na Mama analala. Sikulaumu, Papa. Ningekuwa hapo, mimi pia ningemwambia aende.

Uliuliza. Programu yetu iko katika simu za waganga wa vituo vya afya. Inamwambia muganga dawa gani iko kituo gani, na mugonjwa apewe kiasi gani, kwa muda gani. Kazi yote tunaiweka mahali tunapopaita depo, na wewe depo unaijua. Ila depo yetu kubwa ina depo tatu ndogo ndani yake, na kila moja iko na mulango wake na historia yake. Ile kubwa haijui vitu vilivyo ndani ya ndogo. Yenyewe inaandika tu: "Katika depo ya vipimo, chukua muzigo namba fulani."

Na mutu akitaka kubadilisha kitu bila kuharibu kile ambacho watu wanatumia, anafungua tawi. Anafanya kazi pembeni, ikikaguliwa inaungwa na shina. Tawi si kitu kikubwa, Papa. Ni jina tu linalowekwa mwishoni mwa kazi ili kazi ipatikane. Isaïe huandika "git branch" kisha jina, na tawi limekuwapo.

Depo ya vipimo, yaani hesabu za kiasi cha dawa na maji, ilikuwa ya Isaïe. Mwaka jana tuliona kosa ndani yake. Mutoto wa kipindupindu aliyekauka sana, kama hajafika mwaka mumoja, maji ya mushipa anapewa kwa saa sita. Programu ilimuhesabu kama mukubwa wake: saa tatu. Kwa mutoto mudogo vile, mbio hiyo ni hatari. Isaïe alirekebisha, akakaa na Docteur Leila wa watoto, wakakagua kilo kwa kilo, mifano arobaini na mitatu. Kisha akatuma depo kubwa, ikiwa imeandikwa: "Chukua ule muzigo mupya wa vipimo." Ile ndogo hakuituma. Nafikiri umeme ulikatika. Donc huku kwetu depo kubwa inatutuma tukachukue kitu ambacho hakipo mahali popote duniani, isipokuwa juu ya plafond yako.

Ukurasa wa vipimo nimeufunga kwa mukono wangu. Siwezi kuacha muganga asome kosa. Lakini kipindupindu kimeingia Basoko. Maurice, muganga wa kituo cha huko, aliniandikia kwamba pirogue moja, mutumbwi wa mutoni, ilishusha watoto watano kwa siku moja, na yeye anapiga hesabu na kalamu huku kila mama anamuvuta koti. Madame Adeline, mukubwa wangu wa kazi, anasema tuandike upya. Kuandika naweza. Nani atakagua? Docteur Leila amekimbia, hatujui alikoelekea.

Papa, kazi hiyo inaweza kutoka bila internet. Depo na historia yake yote inafungwa kuwa faili moja, inaingia kwenye clé USB. Karatasi ya pili nimekuandikia mistari saba, herufi kwa herufi, na penye nafasi nimeweka nukta nyekundu. Neno la kufungulia mashine ni jina la yule mbwa wetu aliyekula kiatu cha padri. Lakini ukiona kuna hatari, acha. Nasema kweli: acha.

Binti yako,
Kyakimwa


Goma, 3 Aprili 2025

Kyakimwa mwanangu,

Amani iwe kwako huko Mangobo. Sisi tuko vizuri, unga umerudi sokoni, goti limenisamehe hata nikapanda ngazi.

Nimefanya. Nilishusha mashine saa nne asubuhi. Mama yako alikaa mulangoni na lungo la maharage, akilinda barabara. Niliandika kwa kidole kimoja, mustari mumoja kwa dakika kumi. Mara ya kwanza nilisahau nukta yako nyekundu, mashine ikanijibu kwa Kifaransa kwamba neno hilo hailijui. Mimi nikaijibu kwa Kinande. Mama yako akasema, "Timothée, hayo si maneno ya mutu wa parokia." Nikaanza tena. Mustari wa saba ulipokubali, niligonga meza hadi kikombe kikaanguka.

Clé iko ndani ya mushono wa kitenge cha kijani. Mama yako aliushona kwa uzi wa rangi ileile.

Mutu mumoja aliyetoka Walikale anasema aliona vijana wengi wa Goma huko, kabla vita havijafika na huko pia. Hakumujua Isaïe kwa sura. Tunaomba.

Naanza kuelewa kwa nini ninyi wawili mulikuwa munasahau kula.

Papa yako


Kisangani, 19 Aprili 2025

Papa mupendwa sana,

Nakusalimia kwa heshima, na Mama pia. Afya yangu nzuri. Ila leo naandika na aibu.

Clé ilifika. Faili ilifunguka bila kasoro hata moja, hukukosea hata herufi. Lakini ni depo kubwa, ile ambayo tunayo tayari. Depo ndogo haimo. Mimi ndiye nilikosea. Kabla ya yote ulipaswa kuingia ndani ya depo ya vipimo, na mustari wa kuingia sikukuandikia, kwa sababu vidole vyangu huuandika bila kuniuliza. Nilikuhatarishia maisha kwa barua yenye upungufu. Nisamehe.

Na Mama Kadidja walimupekua. Barrière moja walishika vitenge kimoja kimoja, wakapapasa pindo. Akawaambia, "Bana yangu, bitenge ni bya kuvaa, habina pesa ndani. Munataka nivue na hiki nilichovaa?" Wakacheka, wakamuachilia. Sikuwa na uso wa kumuomba tena. Yeye mwenyewe aliniambia, "Andika, binti. Kama ni kwa ajili ya watoto wa Basoko, njia naijua."

Maurice amezika watoto wawili. Walifika wamechelewa sana, hesabu yoyote isingewaokoa. Lakini kila wiki ananiuliza, "Kyakimwa, ukurasa utafunguka lini?" Madame Adeline amenipa hadi mwisho wa Mei. Baada ya hapo tutaandika upya na kuomba Mungu tusikosee.

Karatasi ya pili sasa iko na mistari kumi na mumoja. Wa kwanza ni wa kuingia. Ukiisha kuingia, uliza orodha ya matawi. Linaloitwa "watoto" ndilo hilo: simama juu yake kwa mustari wa tano, na mwishoni lifunge hilo. Ukiona jina la faili kwa rangi nyekundu, ni kazi ambayo Isaïe hajaiweka katika historia. Mustari wa sita na wa saba itaiweka, na katikati ya alama mbili utaandika kwa maneno yako ni kazi gani.

Mara hii nilisoma karatasi yangu na macho ya mutu asiyejua kitu. Nilimupa jirani aijaribu kwenye mashine yangu. Alifika mwisho.

Binti yako anayekuomba msamaha,
Kyakimwa


Goma, 10 Mei 2025

Kyakimwa,

Salamu nyingi, na msamaha ulikuwa umekwisha kutolewa kabla hujauomba. Miaka thelathini nilisahau kuandika vitu kwenye facture za wateja, na hakuna aliyekufa. Tuko wazima wote wawili. Lakini kaa usome, hii ni ndefu.

Niliingia depo ndogo. Niliuliza orodha ya matawi. "Watoto" halikuwepo. Mashine iliandika kwa Kifaransa kwamba haikusimama juu ya tawi lolote. Nikasema, basi imepotea, mutoto ametembea bure na kazi yake imekufa bure.

Mama yako akauliza, "Kyakimwa aliandika nini?" Nikachukua barua yako ya Machi. Humo ulisema tawi ni jina tu linalowekwa mwishoni mwa kazi ili ipatikane. Nikafikiri: jina likikosekana, je, kazi pia imekosekana? Mutoto anazaliwa kabla ya kupewa jina. Nikatumia mustari wako wa kuonyesha historia.

Ilikuwepo, binti yangu. Yote. Vipande thelathini na kimoja, kila kimoja na tarehe, na jina la Isaïe, na maneno yake. Nilisoma: "Mutoto wa miezi minane, kilo sita: saa sita. Docteur Leila amekubali." Nilisoma: "Jana nilikosea, leo nimerekebisha." Nilisoma: "Kilo nne na nusu. Docteur amekataa, narudia." Na kinachofuata: "Amekubali." Nilimusomea Mama yako vyote thelathini na kimoja. Aliacha maharage yake akasikiliza mikono ikiwa magotini. Miaka yote mutoto huyu aliishi chumba cha pili, na mimi nilidhani anacheza. Sikujua kwamba anafanya kazi hivi: anakosea, anasema nimekosea, anarudia. Mimi biashara yangu sikuifanya kwa usafi huo.

Basi nikaandika ule mustari wa Isaïe uliouweka katika barua, "git branch", na jina "watoto". Nikauliza orodha tena. Likatokea, nikasimama juu yake kwa mustari wako wa tano.

Palikuwa na faili moja nyekundu. Ndipo Mama yako akaanza kukohoa mulangoni, na yeye hana kikohozi. Nilifunga mashine, nikaiweka magotini, nikavuta lungo juu yake. Waliingia wawili wenye bunduki. Mumoja aliniuliza, "Muzee, unafanya nini?" Nikasema, "Nachambua maharage." Akasimama ananiangalia. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, siku hiyo ndiyo nilichambua maharage mara ya kwanza. Nilikuwa natupa mazuri na kuacha mabovu. Yule mwenzake akacheka: "Huyu muzee haone tena." Wakachungulia vyumba, wakachukua mwavuli, wakaenda. Mashine ilikuwa inanichoma mapaja kwa joto.

Nilifungua mashine tena, nikaendelea. Faili nyekundu niliiweka katika historia. Katikati ya alama mbili niliandika: "Kazi ya Isaïe. Imehifadhiwa na papa yake, Goma." Kama si desturi ya kazi yenu, utafuta.

Clé iko ndani ya kipande cha sabuni. Mwambie Mama Kadidja asiifulie.

Papa yako,
Timothée


Kisangani, 8 Juni 2025

Papa wangu,

Nakusalimia wewe na Mama, muwe wazima, muwe na nguvu, kwa sababu leo niko na mengi.

Sabuni ilifika. Nilifungua faili mbele ya Madame Adeline. Vipande thelathini na viwili. Niliiambia mashine ijaribu mifano yote ya Docteur Leila, arobaini na mitatu. Tulisimama tukiangalia inavyoshuka: sawa, sawa, sawa. Wa arobaini na tatu ulipopita, Madame Adeline alivua miwani, akaniuliza, "Papa yako alisomea wapi?" Nikasema, "Duka la jumla."

Nikaunga tawi na shina katika depo ndogo kwanza, nikalituma, nikahakikisha limefika. Ndipo nikaiambia ile kubwa iliangalie. Madame akashauri tukunje vipande vyote viwe kimoja, historia ikae safi, na kweli wengi hufanya hivyo. Nilimwambia, "Madame, nitafanya yote unayotaka, lakini hapo sitagusa hata nukta." Akasoma vipande kimoja kimoja, hadi chako. Akasema, "Acha hivi."

Tarehe 30 Mei programu, ndani ya clé, ilipanda baleinière, mashua kubwa ya mutoni, kwenda Basoko. Siku nne baadaye Maurice akaandika. Mutoto wa kwanza alikuwa musichana wa miezi minane, aliletwa kutoka kambi ya wavuvi macho yameingia ndani. Simu ilimwambia saa sita na matone mangapi kwa dakika. Hakupiga hesabu hata moja, mikono yake yote miwili ilikuwa ya mutoto. Jioni musichana alinyonya. Maurice anasema alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya kituo, akacheka peke yake.

Sasa, Papa, shika mukono wa Mama.

Alhamisi niliporudi kutoka kazini nilikuta mutu amekaa mulangoni kwangu, amevaa kiatu cha kahawia na kingine cheusi. Akasema, "Yaya, uko na chakula?" Ni Isaïe. Ni muzima, Papa. Simu yake ilichukuliwa Masisi. Alikaa Walikale hadi watu wakakimbia, akafuata njia ya msitu, akabeba mawe ya barabara Lubutu ili apate nauli, akaingia Kisangani juu ya gari la ndizi. Amekonda, kucha za vidole viwili zimetoka, lakini ni yeye. Alikula sahani tatu za lituma ya ndizi na samaki, majirani wakaja kuangalia.

Alipomaliza kula aliuliza, "Mashine yangu waliichukua?" Nikamufungulia ya kwangu, nikamuonyesha historia. Akahesabu kwa kidole.

"Vyangu ni thelathini na kimoja," akasema. "Hiki cha mwisho ni cha nani?"

"Soma."

Akasoma. Akatoka nje, akasimama karibu na pompe ya maji kati ya wanawake na mabidon yao, muda murefu. Alirudi na uso umelowa.

"Papa aliandika hii yeye mwenyewe?"

"Kwa kidole kimoja. Na tawi alilifanya yeye. Wewe ulisahau."

Akafunika uso, akacheka na kulia pamoja. Jana ameanza kazi tena, kwenye meza yangu, na tayari tumegombana kuhusu kiti.

Atakuandikia mwenyewe. Leo mikono yake iko na vidonda.

Binti yako mwenye furaha,
Kyakimwa


Goma, 1 Julai 2025

Kyakimwa na Isaïe, watoto wangu,

Nawasalimia ninyi wawili kwa barua moja, na miezi mitano sikuwa na ruhusa ya kufanya hivyo. Sisi hapa tuko, na safari hii Mama Kadidja amekubali kungoja wiki nzima. Muji haujatulia, siwadanganyi, lakini tunakula na tunalala.

Mama yenu alinifanya nisome barua mara mbili. Halafu akaingia chumbani, na nikadhani analia. Alitoka amevaa kitenge chake cha kwaya, siku ya Jumanne, muchana, hakuna misa. Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema, "Siendi popote." Alishinda nacho hadi jioni, akapika nacho, akapokea wageni nacho. Jumapili alirudi kwaya. Tangu Januari hakuwa ameimba.

Na mimi nina la kwangu. Munamukumbuka Alexis, tuliyeuza naye chumvi Birere. Miaka yote, tukikutana, ananiuliza watoto wangu wanauza nini. Wa kwake wana maduka matatu. Nilikuwa nageuza maneno, namuuliza habari za mvua. Munisamehe, lakini mutu mwenye duka ambalo hakuna mutoto wa kulichukua anaona haya mbele ya wenzake.

Jumatano nilikutana naye njia ya kanisani. Alianza vilevile: "Timothée, watoto yako banauzaka nini siku hizi?"

Sikumuuliza habari za mvua. Nilisimama katikati ya njia, nikamueleza. Nilimwambia kuna depo ndani ya depo. Nilimwambia kuna mutoto wa miezi minane, kilo sita, na saa zake ni sita wala si tatu, na kwamba mwanangu alikaa na daktari hadi akajua hivyo bila shaka, na binti yangu alifunga ukurasa kwa miezi minne kuliko kuacha mutu asome kosa. Sikumwambia habari ya plafond, kwa sababu kuta zina masikio. Lakini nilisema mengine yote, na sauti yangu ilikuwa kubwa, hadi watu wawili wakasimama kusikiliza.

Alexis alinisikiliza hadi mwisho. Alifikiri sana. Halafu akauliza, "Na hiyo kitu banaiuzisha bei gani?"

Nikamwambia, "Alexis, haiuzwi."

Nikavaa kofia yangu, nikaendelea na njia.

Papa yenu,
Timothée